Pima Giza Kabla ya Kupima Mwanga

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, kifaa changu cha kupima mapigo ya moyo kinamaliza betri usiku mmoja. Ninunue kihisi mwanga gani kisichokula umeme?" Nikajiona mwenyewe.

Swali hilo lilinila miezi mitatu. Nilibadilisha kihisi mara nne. Kumbe mlaji si kihisi, ni taa inayomulika ngozi ili kihisi kisome mwanga unaorudi. Yangu ya kijani ilivuta miliampea 20 mfululizo. Betri ya kitufe ya CR2032 ina takriban saa-miliampea 220, gawa mwenyewe kwa 20. Inadumu saa 11, tena za kwenye karatasi, maana betri ile ya kitufe haikuundwa kutoa mkondo mkubwa hivyo bila kupumzika.

Betri haikuniumiza kama siku ya maonyesho. Nilikivua kifaa kidoleni, nikakiweka mezani. Skrini ikaendelea kusoma: 60, 61, 60. Meza ina mapigo ya moyo! Bwana aliyekuwa mbele yangu alifunga daftari lake taratibu, akaweka kalamu mfukoni. Sijasahau.

Nilikuja kujua baadaye. Umeme wa hezi 50 hufanya taa nyingi za chumbani zipepese mara 100 kwa sekunde. Mimi nilipima mara 50 kwa sekunde, na saa ya kifaa ilikuwa nyuma kidogo, kama asilimia moja. Tofauti hiyo ndogo ikazaa wimbi la mara moja kwa sekunde, sawasawa na moyo uliotulia.

Basi sikilizeni, nyote mnaotengeneza vifaa hivi. Washa taa kwa mikrosekunde 100 tu, mara 50 kwa sekunde, na zile miliampea 20 zinashuka kwa wastani hadi 0.1. Kabla ya kila mmuliko, pima giza, yaani mwanga wa chumba unaoingia taa yako ikiwa imezimwa, kisha litoe kwenye kipimo. Kupima giza hakugharimu karibu chochote, maana taa imezimwa. Usilipuuze! Badiliko la mapigo mara nyingi ni asilimia moja au mbili tu ya mwanga unaorudi. Uchafu kidogo wa mwanga wa chumba unalimeza. Na mpime watu wa ngozi tofauti, nyeusi hasa, maana melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, hunywa mwanga wa kijani. Kidole chako peke yake si ushahidi. Anayevaa kifaa hicho anaweza kuwa mgonjwa anayekiamini.

Ndugu yangu uliyeniandikia, usinunue kitu bado. Usiku huu kiweke mezani bila kidole, washa taa ya chumba, tazama skrini. Kesho niambie imesoma nini.