Umekabidhiwa maktaba na watu waliokuzidi umri? Anza na rosta

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili na limenirudisha mbali sana. Unasema una miaka 28, chuo kimekukabidhi maktaba wiki tatu zilizopita, chini yako kuna watu saba, wanne wamekuzidi umri, mmoja wao aliomba nafasi hiyo hiyo akakosa, na sa hivi hata ukisema jambo dogo kama kaunta ifunguliwe saa mbili kamili kila mtu anaangalia pembeni. Unauliza uwe mkali au uwe mpole. Mi nilipita hapo hapo mwaka 2015, chuo cha afya cha binafsi huku Kanda ya Ziwa, jina sitataja, nilitolewa kaunta nikawekwa ofisini kuwaongoza wale wale niliokuwa nakula nao chakula cha mchana, na nikakaa kwenye kiti hicho miaka sita. Nitakwambia niliyoyaona, kama yanavyonijia.

Ukali na upole weka pembeni kwanza. Chukua rosta, yaani ile ratiba ya zamu, ya miezi mitatu iliyopita, kaa nayo, hesabu. Hesabu kwa kalamu, jina kwa jina, nani kafanya Jumamosi ngapi, nani kafunga usiku mara ngapi. Maktaba siyo kama ofisi ya mhasibu ambayo saa kumi inafungwa watu wanaenda zao, sisi wenzetu wakiondoka ndo wanafunzi wanamiminika, kwa hiyo kila siku kuna mtu anabaki na kila wiki kuna mtu anapoteza Jumamosi yake. Uonevu wa mkuu wa maktaba watu wanausoma kwenye ile karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango, hata kama mdomoni ana maneno matamu kama asali.

Mimi nilikuwa naandika rosta Ijumaa jioni, kila wiki upya, kwa kichwa tu, kama nilivyomkuta mkuu aliyenitangulia. Sikuwa na nia mbaya na mtu. Sasa siku moja yule binti wa kaunta, mpole sana, hajawahi kuninyanyulia sauti, akaja ofisini na daftari la shule, akafungua ukurasa akanionyesha: tangu Januari yeye kafanya Jumamosi kumi na moja, mwenzake tatu. Alikuwa anaandika tarehe zote. Nilinyamaza. Nilikuja kuelewa nilichokuwa nafanya, yaani anayelalamika namwondoa ili nipate amani, asiyelalamika namwongezea, na kila wiki nilikuwa naona nimetenda haki. Ule ukimya wa watu kumbe haukuwa dharau, walikuwa wananihesabia.

Tulichofanya ni hiki. Nikawaita wote, tukatandaza karatasi kubwa mezani, kila mtu akasema mbele ya wenzake kinachombana. Mmoja ni Msabato, kuanzia jua linapozama Ijumaa mpaka linapozama Jumamosi hagusi kazi. Mwingine Ijumaa mchana lazima awe msikitini, na mwezi wa Ramadhani ukimpanga zamu ya jioni unamfuturisha kwenye kaunta. Mama mmoja alikuwa ananyonyesha. Kijana mmoja alikuwa anasoma digrii jioni. Haya yote yalikuwa yanajulikana kichinichini, mtu anamnong'oneza mkuu, mkuu anampa nafuu, wenzake wanaona upendeleo. Yaliposemwa mezani yakawa ni mambo ya kupanga tu. Msabato akasema mwenyewe, basi mimi nipeni jioni nyingi za Jumatatu mpaka Alhamisi, na Jumapili za kipindi cha mitihani zote zangu. Nani angebisha?

Rosta ikawa ya muhula mzima, inatoka wiki mbili kabla muhula haujaanza. Mkitaka kubadilishana zamu mkubaliane wawili, mnijulishe, basi. Na pembeni kabisa nikaweka kolamu mbili, jumla ya Jumamosi na jumla ya usiku kwa kila jina, na jina langu likiwemo. Hapo kwenye jina lako usikwepe, fanya Jumamosi zako kama wengine, ukae kaunta, uazimishe na upokee vitabu. Zile kolamu mbili zilimaliza manung'uniko ambayo vikao vitano havikuyamaliza.

Ukiwa kwenye hiyo hiyo rosta, isome na sheria. Kama chuo chako ni cha binafsi inayokuhusu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na niliyokuwa naitumia mimi ni haya: masaa ya kawaida hayazidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, ziada yake inalipwa mara moja na nusu na isizidi masaa 50 ndani ya wiki nne, anayefanya kazi zaidi ya masaa matano mfululizo ana haki ya mapumziko ya dakika 60, anayenyonyesha anaruhusiwa mpaka masaa mawili kwa siku kumnyonyesha mwanae, na kazi ya kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi inahesabika ya usiku, kila saa ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Sisi kipindi cha mitihani tulikuwa tunafunga saa 4 usiku na hakuna mtu aliyekuwa anaiona hiyo nyongeza. Niliandika, nikaambiwa bajeti hakuna, nikaandika tena nikiambatanisha rosta za muhula mzima na masaa ya kila mtu, ikachukua mihula miwili mpaka kulipwa. Hela yenyewe ilikuwa ndogo. Ila watu waliona kuna mtu kaenda kuwasemea, na kuanzia hapo nikiomba mtu abaki nusu saa simbembelezi.

Sasa hao wanne waliokuzidi umri. Hapa nisikilize vizuri, mana hapa niliumiza mtu.

Tulikuwa na mzee mmoja, msaidizi wa maktaba, yuko pale tangu chuo kinafunguliwa. Nilivyokuwa kaunta nilikuwa namwamkia shikamoo kila asubuhi. Nilipopewa ukuu bosi mmoja akaniita pembeni akaniambia ukiendelea kuwaamkia hawatakuogopa, we ndo mkuu wao sasa. Nikamsikiliza. Nikawa nikiingia nasema "habari za asubuhi" kwa wote kwa pamoja, napita. Mzee akawa ananijibu "nzuri Madam", hana neno lingine. Mwezi ule ule mvua ikanyesha usiku, asubuhi tunakuta shelfu la magonjwa, zile zote za juu zenye namba 616 mgongoni, maji yanachuruzika. Tulianika vitabu kwenye veranda siku nne. Fundi alipopanda akasema hili doa la dari ni la muda mrefu, na baadaye mzee mwenyewe akamwambia mwenzake kwamba aliliona wiki mbili nyuma. Hakuniambia. Zamani angeniambia kabla sijaweka mkoba chini.

Kesho yake nikamwendea kwenye shelfu lake nikasema shikamoo baba. Akaitika marahaba, akaniuliza watoto hawajambo. Shikamoo haijawahi kuninyima mamlaka hata siku moja, mdogo wangu. Unamwamkia mtu saa mbili kwa umri wake, saa nne unampa kazi kwa cheo chako, na wote wawili mnaelewa. Mtu aliyelelewa vizuri hayo mawili hayamchanganyi.

Ningekuwa nimejifunza hapo ningekuwa na la kufurahia, lakini 2017 nikamkosea tena. Tulikuwa tunahama kwenye kadi za katalogi kwenda Koha, ile programu ya bure ya kuendeshea maktaba iliyoanzia New Zealand. Bure ni programu tu, kazi ya kuingiza vitabu kimoja kimoja ni yenu, na sisi tulikuwa na vitabu karibu elfu tisa. Nikagawa mashine, kila mtu na shelfu zake, na kwenye kikao cha Jumatatu nikasoma kwa sauti kila mtu kaingiza vingapi wiki ile. Binti wa kaunta 210. Mzee 14. Nikaviweka hivyo hivyo vikifuatana, nikaendelea na ajenda. Mzee akavua miwani, akaifuta na shati, muda mrefu.

Kesho yake hakuja, ikaja ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzika, ya siku tatu. Siku ya pili nikaenda kwake jioni, na sukari kilo mbili, nikakaa na mkewe kwanza. Ofisini ananiita Madam, pale kwake akaniita mwanangu. Akasema mwanangu, zile herufi sizioni. Ni hivyo tu. Kioo cha kompyuta kilikuwa na vimaandishi vidogo na yeye aliona aibu kusema mbele ya vijana, na mimi kwa wiki sita nilikuwa nimeshaandika moyoni kwamba huyu mzee anagoma.

Herufi tulizikuza siku iliyofuata, dakika mbili. Ila kikubwa nilichobadilisha ni kazi yenyewe. Mzee alikuwa anajua vitabu kwa rangi na unene, mwanafunzi anakuja anasema kile cha fiziolojia cha kijani chenye jalada limechanika, anaenda moja kwa moja anakitoa. Nikamwondoa kwenye kuchapa nikampa droo zote za kadi, kazi yake ikawa kupita shelfu kwa shelfu, kadi mkononi, kutuambia kipi kipo, kipi kimepotea, vipi vina lebo ya 610.73, namba ya vitabu vya uuguzi, mgongoni wakati havihusiani na uuguzi. Alitutolea kadi zaidi ya mia tatu za vitabu ambavyo havikuwepo kabisa, ambavyo sisi tungeviingiza kwenye mfumo halafu wanafunzi wangevitafuta mpaka wahitimu. Na zile namba za wiki sikuzisoma tena kikaoni. Kila mtu namwonyesha zake, peke yake, mlango umefungwa.

Kuhusu aliyeitaka nafasi yako, mwite wewe, mapema, umwambie wazi najua uliomba na najua unaweza. Usimwahidi kitu. Halafu mpe eneo lake kamili, mimi wa kwangu nilimpa ununuzi wa vitabu na mawasiliano na walimu wa idara, na barua za eneo hilo akawa anasaini yeye. Hatukuwa marafiki ila tulifanya kazi miaka yote ile bila kuharibiana.

Marafiki ndo wagumu. Mwenzangu niliyekuwa nashea naye ubwabwa alikuwa akipangwa jioni anazima taa saa moja na dakika kumi wakati kufunga ni saa mbili, wanafunzi wanatolewa nje na vitabu mikononi. Nilinyamaza miezi miwili nikimwonea haya, halafu siku moja nikalipuka nikamwandikia barua ya kujieleza. HR, yule ofisa wa masuala ya wafanyakazi, akaniita akaniuliza swali moja, umewahi kukaa naye ukamwambia? Sijawahi. Akanieleza kwamba kwa makosa madogo kanuni za kazi za mwaka 2007 zinataka umrekebishe mtu kwanza kwa mazungumzo na maonyo, hatua kwa hatua, barua haiwezi kuwa ndo neno la kwanza. Nikamwita, nikamuuliza, akaanza kulia. Haisi ya mwisho ya kwao inapita saa moja na nusu, na wiki chache nyuma kuna msichana alikabwa kwenye ile njia ya kutoka stendi. Nikamhamishia asubuhi zote, akabadilishana na kijana anayekaa nyuma ya chuo, na kwa wanaofunga saa 4 nikapambana mpaka gari la chuo likawa linawashusha.

Kosa ukiliona siku ya kwanza sema siku ya kwanza, kwa sauti ya kawaida, mkiwa wawili, halafu andika kwenye daftari lako tarehe na mlichokubaliana. Ukisubiri miezi miwili utakuwa unasema kwa hasira ya miezi miwili.

Pesa za faini nazo ziondoe mikononi mwa watu wako haraka. Mwanafunzi alipe kwa mhasibu aje na risiti. Sisi tulikaa mwaka mzima tukitazamana vibaya kwa ajili ya elfu kumi na mbili iliyopotea kwenye droo na hadi leo hatujui ilienda wapi.

Na hilo la kaunta kufunguliwa saa mbili kamili, kabla hujaandika memo nenda wewe mwenyewe wiki nzima uwe unafika saa mbili kasoro robo, usimame pale mlangoni. Mi nilikuwa nimeshaandaa onyo la jumla kwa wote. Nilipoenda nikakuta watu wawili wamekaa kwenye ngazi tangu saa moja na nusu, ufunguo ulikuwa mmoja tu na mlinzi wa usiku alikuwa anaondoka nao getini mpaka aje wa mchana kumpokea, saa mbili na robo, mbili na ishirini. Tukachonga wa pili kwa shilingi elfu tatu.