Kabla ya kudai jina la kikoa, tafuta tarehe mbili

Ukiwa wakili, mteja wako wa kwanza atakuja na hasira, akisema jina lake la kikoa, yaani anwani ya tovuti yake, limeibwa. Msikilize. Lakini kabla hujaandika mstari wowote, tafuta siku jina liliposajiliwa na siku haki ya mteja katika alama ya biashara ilipoanza.

Mimi sikuanzia hapo. Nilitumia wiki nzima kupanga vielelezo, kisha nikagundua jina lilisajiliwa miaka minne kabla kampuni ya mteja haijaanzishwa. Mtu hawezi kuvizia alama ambayo bado haijazaliwa. Tungefungua shauri, jopo linaloamua migogoro hii lingeweza hata kutamka kwamba sisi ndio tuliotaka kunyang'anya jina la mwenzetu, na tamko hilo hubaki kwenye kumbukumbu za wazi.

Kwa majina ya .com, .net na .org, migogoro hii huamuliwa kwa UDRP, sera iliyopitishwa mwaka 1999 na ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya kikoa. Mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu yote: jina linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu; aliyelisajili hana haki wala maslahi halali; na jina lilisajiliwa na linatumiwa kwa nia mbaya. La kwanza kwa kawaida ni jepesi. Kazi iko kwenye la tatu, kwa sababu nia mbaya ya leo haitoshi ikiwa usajili ulikuwa safi.

Soma shauri la kwanza la WIPO (Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, linalosimamia mashauri ya UDRP), lililoamuliwa Januari 2000, kuhusu worldwrestlingfederation.com. Aliyelisajili aliwaandikia wenye alama siku tatu tu baada ya kulisajili, akitaka kuwauzia kwa dola 1,000. Nia yake ilikuwa kwenye maandishi yake mwenyewe. Kwa hiyo tunza kila barua pepe kama ilivyofika. Na muulize mteja wako bila kumwonea haya: nani alitaja bei kwanza? Kama ni yeye aliyeomba kuuziwa, barua hiyo inapoteza nguvu nyingi.

Ukiwa upande wa mlalamikiwa, una siku 20 za kujibu. Usinyamaze. Ukimya si kukiri, ila jopo litaamua kwa yaliyo mezani.

Mweleze mteja mapema kwamba UDRP haitoi fidia: jina litahamishwa, litafutwa, au litabaki lilipo. Ada ya WIPO kwa jopo la mtu mmoja ni dola 1,500, hadi majina matano. Anayeshindwa ana siku 10 za kazi kwenda mahakamani kabla jina halijahamishwa.

Kuna mgogoro mwingine unaoumiza zaidi: fundi aliyetengeneza tovuti akasajili jina kwa jina lake mwenyewe. Huo mara nyingi ni wa mkataba, na majopo husita kuuingilia. Tafuta risiti za malipo na makubaliano ya mteja na fundi, hata ya ujumbe wa simu, kisha mwandikie fundi kwa utulivu akiwa bado anapokea simu zenu.