Matangazo kwenye simu ya mama: nilivyoyazuia bila kupakua programu nyingine

Mama yangu ana genge Mbagala Rangi Tatu. Anauza nyanya, vitunguu, bamia na dagaa, na wateja wake wengi siku hizi wanalipa kwa simu. Jioni moja alinipigia: "Baba, ukija Jumapili nitazamie hii simu. Kila nikitaka kuangalia salio linashuka pazia."

Nilipofika nikamwamkia, naye huku anaitikia marahaba tayari ananipa simu nione mwenyewe. Kioo kizima kilikuwa kimejaa tangazo la mchezo wa kupanga peremende, muziki juu. Kwenye kona, sekunde zinahesabiwa kurudi nyuma, tano, nne, tatu, kisha kikatokea kialama cha kufungia, kidogo kama punje ya ulezi, kijivu juu ya weupe. Mama akavaa miwani, akajifuta vidole kwenye khanga, akakilenga. Hakukipata. Likafunguka duka la programu likimtaka apakue ule mchezo. Muda wote huo mteja amesimama na fungu lake la bamia, anasubiri kuambiwa kama shilingi 1,000 yake imeingia.

Iliniuma. Bando lile mama analinunua kwa hela ya nyanya, halafu linaliwa na video ambayo hakuiomba. Tangu siku hiyo nimeshika simu nyingi za ndugu na majirani wenye shida hiyohiyo, na jambo la kwanza ninalomwambia kila mtu ni hili: kabla hujalizuia tangazo, jua linatoka wapi. Wengi wanakimbilia kupakua programu inayojiita ya kuzuia matangazo, na nyingi nilizokutana nazo zilikuwa zenyewe zimejaa matangazo.

Tuanze na lile rahisi. Kuna tangazo linalokaa juu kwenye arifa na kukutisha kwamba simu yako ina virusi, au kukupongeza kwa zawadi usiyoijua. Mara nyingi linaletwa na tovuti kupitia kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti kama Chrome. Siku moja ulifungua ukurasa wa kupakua nyimbo au kuangalia mpira, ukaulizwa kama unauruhusu kukutumia arifa, ukabonyeza Ruhusu ili upite. Kwa mama nilikuta tovuti tisa zimeruhusiwa, na hakuna hata moja aliyoikumbuka. Dawa yake ni kubonyeza ile arifa na kuishikilia kidogo; utaletewa nafasi ya kuizima. Au fungua Chrome, gusa vidoti vitatu, ingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa, uziondoe zote usizozifahamu. Na hivyo virusi visikunyime usingizi, kwa sababu tovuti haina uwezo wa kuikagua simu yako ikajua kilichomo.

Lile pazia la mama lilikuwa jambo jingine. Tangazo linalofunika kioo kizima wakati hujafungua chochote limeletwa na programu iliyomo ndani ya simu, na kazi ni kuitambua. Likitokea, usihangaike kulifunga. Bonyeza kitufe cha mraba kinachoonyesha programu zilizo wazi, au kama simu yako haina vitufe, pandisha kidole kutoka chini ya kioo ukishikilie katikati. Kadi ya tangazo itaonekana, na juu yake alama ya programu iliyolileta. Kwa mama ilikuwa tochi. Kijana wa jirani alimwekea usiku mmoja umeme umekatika, wakati simu yenyewe ilitoka dukani na tochi yake. Nikaingia kwenye matumizi ya data nikakuta ile tochi imekula MB 412 ndani ya mwezi mmoja. Taa haihitaji intaneti kuwaka. Tukaiondoa na pazia likakoma palepale.

Zipo sugu zaidi. Nyingine zinaficha alama yake, kwa hiyo zitafute kwenye Mipangilio, sehemu ya Programu, orodha nzima. Angalia pia ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine, uinyime kila programu isiyo na sababu ya kuwa nayo. Ikigoma kuondolewa, tazama kama imepewa usimamizi wa kifaa. Iondolee cheo hicho kwanza, itatoka. Na kama tangazo linakuja haraka kiasi kwamba hupati nafasi ya kubonyeza, iwashe simu katika hali salama: kwenye simu nyingi unashikilia kitufe cha kuzimia, kisha unaligusa na kulishikilia neno la kuzima mpaka ikuulize. Humo programu ulizoongeza mwenyewe hazifanyi kazi, unazifuta kwa utulivu.

Nasisitiza hili kwa sababu ya jirani mmoja wa mama. Alipeleka simu kwa fundi kwa tatizo la matangazo tu, fundi akaifuta yote bila kumuuliza. Picha za marehemu mumewe zilikuwa humo, na hazikuwa mahali pengine. Kufuta simu yote kuwe mwisho kabisa, baada ya picha na namba kuhifadhiwa kwingine.

Sasa njia ninayoipenda kuliko zote, na ambayo watu wengi wanapita karibu nayo kila siku bila kuiona. Simu za Android kuanzia toleo la 9, lililotoka 2018, zina kitu kinaitwa DNS ya faragha. Ukiandika jina la tovuti, simu hailijui jina hilo. Inauliza kwanza kwenye kitabu cha namba kilichoko kwenye mtandao, inapewa namba, ndipo inakwenda. Matangazo nayo yana anwani zake, na wapo watu wanaoweka orodha ya anwani hizo. Ukielekeza simu yako kwenye kitabu kinachokataa kuzitoa, tangazo haliitwi kabisa. Halishuki, na MB zake hazitumiki. Ndani ya michezo na programu za bure nako yanapungua sana, siyo kwenye kivinjari tu.

Ingia Mipangilio, Mtandao na intaneti, kisha DNS ya faragha. Majina hutofautiana kati ya simu na simu, kwa hiyo ukipotea andika DNS kwenye kisanduku cha kutafutia cha mipangilio. Chagua sehemu ya kuandika jina la mtoa huduma mwenyewe, andika dns.adguard-dns.com, hifadhi. Ni huduma ya bure ya AdGuard, kampuni ya kuzuia matangazo, hupakui chochote, na inafanya kazi kwenye bando na kwenye Wi-Fi. Andika kwa makini: mara ya kwanza niliruka kile kistari, intaneti yote ikakata, na mama akadhani nimemwharibia simu. Ukikosea, rudi uchague hali ya otomatiki, mambo yanarudi. Fanya hivyo pia ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli au ofisi inayotaka ujisajili kwanza ikakataa kufunguka.

Mama aliniuliza swali ambalo nawe utalifikiria: "Na hela zangu je, hawazioni?" Anayetunza kitabu anaona majina ya tovuti unazouliza, na hilo ni jambo la kulipima, maana unamwamini yeye badala ya kampuni ya simu. Haoni nenosiri lako wala unachoandika. Na zile menyu za *150* za kutuma pesa hazipiti kwenye intaneti kabisa.

Njia hii haigusi matangazo ya YouTube, Facebook wala Instagram. Hayo yanatoka nyumba moja na video au picha unazozitaka, kwa hiyo huwezi kuufunga mlango mmoja ukauacha mwingine. Kwa YouTube mimi natumia kivinjari cha Firefox nikiwa nimekiwekea kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari, kiitwacho uBlock Origin, kazi ya Raymond Hill, cha bure. Chrome ya kwenye simu haipokei viendelezi, ndiyo maana nashauri Firefox. Zipo siku YouTube wanabadilisha mambo na matangazo yanapenya, kisha kiendelezi kinasasishwa yanazuiwa tena. Asiyetaka kusumbuka na mpangilio wowote achukue kivinjari cha Brave, kinazuia tangu siku ya kwanza. Hata Opera Mini, ambayo wengi tumeijua tangu simu za vitufe, ina swichi ya kuzuia matangazo kwenye mipangilio yake. Wenye iPhone, kivinjari chao cha Safari kinapokea vizuizi vya matangazo tangu iOS 9 ya 2015. Unapakua kizuizi kwenye App Store, kisha unakiwasha ndani ya mipangilio ya Safari, na hatua hiyo ya pili ndiyo wengi wanaisahau.

Ninachokukataza kabisa ni yale mafaili ya "YouTube bila matangazo" yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Hujui nani ameyafungua na kuyafunga upya, na kitu cha kwanza yanachokuomba ni kuingia kwa akaunti yako. Bora uvumilie tangazo la sekunde tano kuliko kumpa mtu usiyemjua funguo za barua pepe yako.

Sipigani na matangazo yote. Wapo waandishi wa hapa nyumbani wanaoishi kwa matangazo madogo ya pembeni ya ukurasa, na nikifungua kurasa zao nabonyeza kile kitufe kikubwa cha uBlock nikizime kwa tovuti hiyo tu. Ugomvi wangu ni na lile linaloruka juu ya kioo cha mtu mzima akiwa anahesabu hela.

Bando la wiki la mama zamani lilikuwa linakata Alhamisi. Sasa linafika Jumamosi na mara nyingine linabaki. Kila nikienda natazama mambo matatu, arifa, programu mpya na ile DNS, haichukui dakika tano. Jumapili iliyopita nilichelewa kwa foleni, nikamkuta ameketi nyuma ya mafungu ya nyanya, miwani puani, tangazo limejaa kiooni. Sikumgusa simu. Akabonyeza kitufe cha mraba, akasogeza kioo karibu na macho, akasoma jina kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha akashikilia alama yake mpaka yakatokea maneno ya kuiondoa. "Hii ni ile ya kalenda aliyoniwekea mjukuu," akasema, akaiondoa mwenyewe, akageuka kumpimia mteja dagaa.