IST inalala Goba: nianze na alamu, GPS au swichi ya siri?

SWALI: Habari fundi. Nakaa Goba, Dar es Salaam, gari langu ni Toyota IST ya 2004. Linalala ndani ya uzio wa tofali, geti la mabati. Mwezi huu jirani mmoja ameng'olewa vioo vya pembeni usiku, mwingine amevunjiwa kioo cha mlango akaibiwa kontrolboksi, ile kompyuta ya injini. Fundi mmoja anashauri nifunge GPS, wa pili anasema alamu inatosha, wa tatu anataka kuniwekea swichi ya siri ya kuzima pampu ya mafuta. Hela ya vyote kwa mpigo sina. Nianze na kipi?

JIBU: Anza na vile ambavyo mafundi wako wote watatu hawakuvitaja. Kwa wizi uliowapata majirani zako GPS haina kazi: gari halikuondoka pale lilipo, kwa hiyo kwenye simu lingeonekana limetulia kabisa huku vioo vikitafutiwa mteja. Swichi ya pampu nayo haimhusu mtu aliyefuata kioo. Mwizi wa vipuri na mwizi wa gari zima ni watu wawili, na anayezunguka mtaani kwako sasa hivi, kwa maelezo yako, ni wa vipuri.

Kioo cha pembeni cha IST hakijafungwa kwa skrubu, kimebanwa tu kwa vishikizo vya plastiki kwenye sahani ya mota. Bisibisi bapa ikipenya ukingoni, kinatoka kwa sekunde chache. Kwa hiyo chonga namba ya gari kwenye vioo vyote, vya pembeni, vya milango, cha mbele na cha nyuma, herufi zisipungue milimita 8. Ichongwe kwa dawa ya kula kioo au kwa mashine, kwani stika na rangi huondoka kwa wembe. Kioo chenye namba ya gari la mtu hakipati mnunuzi wa haraka, na anayekutwa nacho anakosa maelezo. Taa za mbele ni habari nyingine. Lenzi yake ni plastiki ya polikaboneti, dawa ile haiing'ati. Fundi atatumia kalamu ya umeme. Mwambie achonge ukingoni, tena kwa wepesi, maana anachokwangua ni ile ngozi ngumu inayokinga jua, na palipochubuka ndipo pa kwanza kugeuka njano.

Kuchonga peke yake hakumzuii mwizi asiyetazama gizani. Ongeza silikoni: toa kioo, weka matone manne yenye ukubwa wa punje ya hindi kati ya mgongo wake wa plastiki na sahani ya mota, kibane mahali pake, uache saa 24. Silikoni isiguse egemeo linalozungusha kioo, la sivyo hutaweza kukirekebisha tena. Na nunua ile isiyo na asidi. Yenye harufu ya siki hula fedha ya nyuma ya kioo, na baada ya miezi kadhaa utaona mabaka meusi. Hasara ya njia hii ni kwamba kioo kikipasuka, kukitoa kutahitaji kukata silikoni kwa uzi wa nailoni. Riveti za milimita 4 kwenye ganda nazo husaidia, ila mafundi wengi huzikaza mpaka plastiki inapata ufa, na wengine hutoboa bila kujua mota ya kukunja iko wapi. Ukitaka riveti, ziwe mbili tu kila upande, na kila moja iwekewe washa, yaani pete bapa ya chuma, kwa nyuma.

Kontrolboksi ya IST iko nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria. Mwizi huvunja kioo cha kushoto, hung'oa droo, huchomoa soketi, anaondoka. Dawa ya kwanza haina gharama: egesha ubavu wa kushoto ukiwa sentimita 20 hivi kutoka ukutani, kioo cha pembeni kikiwa kimekunjwa. Mtu hawezi kusimama hapo na kufanya kazi, na wewe unashuka kulia bila shida. Dawa ya pili ni kibanio cha bapa la chuma la milimita 2 kinachopita juu ya boksi na soketi zake, kikifungwa kwa bolti ambazo kichwa hukatika zikishakazwa. Kazi zote za kuchomelea chuma zifanyike nje ya gari. Nimeona kontrolboksi zikiungua kwa sababu fundi alichomelea kibanio humo humo ndani bila kuchomoa betri. Boksi lenyewe lisitobolewe, na acha nafasi ya hewa.

Baada ya hapo, alamu. Utakayonunua iwe na king'ora chenye betri yake ndani, kwa sababu waya wa betri kuu ukikatwa alamu ya kawaida hunyamaza palepale, na iwe na swichi ya boneti. Kihisi cha mtikisiko ndicho kinachoharibu alamu nyingi: kikiwa kikali mno italia kila lori likipita au mvua ikinyesha, na baada ya wiki mbili hakuna jirani atakayechungulia dirishani. Kirekebishe mpaka ngumi ya wastani kwenye nguzo ya mlango iiamshe, lakini kiganja kwenye boneti kisiiamshe. Mdomo wa king'ora utazame chini, maji yasituame.

Sasa mwizi wa gari zima. Kabla ya kununua chochote, pima kama IST yako ina imobilaiza, yaani chipu ndani ya ufunguo inayotambuliwa na gari. Magari ya mtumba kutoka Japani yanatofautiana, yapo yenye nayo na yasiyo nayo. Chongesha ufunguo wa chuma tupu usio na chipu, ujaribu kuwasha. Ukizunguka na injini ikaendelea kunguruma, huna kinga yoyote, na swichi ya siri ndiyo itakayokufaa kuliko vyote. Kumbuka pia kwamba magari haya mara nyingi hufika na ufunguo mmoja, na wa pili huujui uliko.

Swichi hiyo isiwekwe kwenye waya mnene wa umeme wa swichi ya funguo, ingawa ndiko mafundi wengi hukimbilia kwa sababu waya huo unaonekana haraka. Unabeba umeme mkubwa, swichi ndogo hupata moto, plastiki inayeyuka na gari linakuzimikia barabarani. Kata upande wa amri wa rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya pampu ya mafuta, ule waya mwembamba ambao kontrolboksi hutumia kuivuta rilei. Kwenye michoro ya Toyota mguu huo huandikwa FC. Umeme unaopita hapo haufiki nusu ampea, kwa hiyo waya wa milimita 1 za mraba na swichi ndogo vinatosha. Fundi autafute kwa multimita, kile kipimo cha umeme, asibahatishe kwa rangi. Maungio yalehemiwe kwa risasi na kuvishwa mrija unaosinyaa kwa joto. Waya uliosokotwa na kuzungushiwa tepu hulegea kwa joto la Dar, kisha unaanza kutafuta ugonjwa wa pampu ambayo ni nzima.

Kwa mpangilio huu gari linaweza kuwaka na kwenda mita kadhaa kwa presha iliyobaki kwenye bomba, halafu likazima. Hilo halina ubaya, mwizi huliacha hapo. Kama humwamini fundi kwa kazi ya lehemu, mwambie akate waya mwembamba wa kuamuru stata badala yake: kiungio kikiharibika siku moja utashindwa kuwasha ukiwa nyumbani, hutazimikiwa Bagamoyo Road. Swichi isikae chini ya usukani wala chini ya kiti cha dereva, huko ndiko mkono wa kwanza hupapasa. Na vijana wa kuosha gari hawana haja ya kuijua.

GPS iwe ya mwisho. Isifungwe nyuma ya redio. Antena yake itazame juu kupitia plastiki, si chini ya bati. Laini yake lazima iwe na bando. Vifaa vingi huonekana vibovu kumbe laini imefungwa. Rilei yake ya kuzima iunganishwe kwenye miguu 30 na 87a, ambayo huwa imeungana rilei isipopewa umeme, ili kifaa kikifa gari liendelee kutembea, na amri ya kuzima ikubali gari likiwa limesimama au linakwenda polepole tu.

Ukishafunga alamu na GPS, pima umeme unaovuja gari likiwa limezimwa na kufungwa. Unganisha multimita kwa mfululizo kwenye waya hasi wa betri, subiri nusu saa, usifungue mlango. Isizidi miliampea 50. Hiyo ni ampea-saa 1.2 kwa siku, na betri ya ampea-saa 45 hupoteza nusu ya chaji kwa siku 18 au 19 bila kuwashwa.

Kwenye geti, angalia bawaba kabla ya kufuli. Geti nyingi za mabati hunyanyuliwa na kung'oka kwenye pini, kufuli likiwa limefungwa vizuri. Chomelea kizuizi juu ya pini ya juu. Taa ya kihisi ya wati 30, mita 3 kutoka chini, ielekezwe kwenye gari isiwapige machoni walinzi wa ulinzi shirikishi wanaopita nje.

Piga picha za kadi ya gari, namba ya chasisi na kila kioo kilichochongwa, uzihifadhi nje ya gari. Likitokea la kutokea, ndizo utakazopeleka polisi unapochukua RB. Bima ndogo hailipi wizi. Kama una bima kubwa, uliza kwa maandishi iwapo inalipa vioo na kontrolboksi zikiibwa peke yake bila gari, na kiasi gani cha kila dai unabeba wewe.