Jibu: Kupitwa na cheo cha meneja mkuu

Habari dada. Nimekuelewa: wewe ni meneja msaidizi kwenye kampuni ya utalii hapo Arusha, nafasi ya meneja mkuu wamepewa mara mbili wanaume uliowafundisha kazi, na bosi anasema una watoto wadogo.

Kwanza angalia umeshika nini. Huku Moshi nimeona kwenye kampuni za utalii wanawake tunawekwa mapokezi, buking na utumishi. Anayepanda ni aliyeshika magari, mikataba ya mawakala wa nje na bajeti. Omba ukaimu huko, na udai barua ya kukaimu. Bila barua, itahesabika ulisaidia tu.

Hilo la watoto limeniuma. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya jinsia, ujauzito, ndoa au majukumu ya familia. Waandikie kwa upole, uombe vigezo vya nafasi hiyo kwa maandishi.

Chama cha Waajiri, ATE, kina programu ya Mwanamke Kiongozi. Mwombe mwajiri akupeleke.

Hujasema kama kampuni ni ya familia. Kama ndivyo, tuambie, maana hapo njia ni nyingine.