Jina la saluni: sikiliza kwanza wateja wanapaitaje

Mleta uzi, hongera kwa fremu. Nimesoma ulivyoeleza kwamba umeshalipia miezi sita Mbezi, vioo na sinki vimefungwa, kilichobaki ni bango, ila umekwama kwenye majina matatu: Divine Glow, jina la binti yako wa kwanza, au Mbezi Beauty Point. Waliotangulia kukujibu wamekuchagulia kila mtu analolipenda. Mimi nina saluni Tabata, hapa Dar es Salaam, huu ni mwaka wa tisa, na jina la kwanza nililikosea vibaya. Niruhusu nieleze kwa urefu.

Nilianzia Kimanga, hapa hapa Tabata. Saluni nikaiita Exquisite Hair Studio. Neno nililiona kwenye jarida la mitindo, nikapenda lilivyokaa, nikaona lina hadhi. Fundi wa bango akalibandika kwa herufi za rangi ya dhahabu, akaruka herufi moja katikati. Bango likakaa juu siku tatu, watu wanaingia na kutoka, hakuna aliyeligundua kosa. Nilipaswa kuelewa siku ile ile. Neno ambalo likikosewa hakuna anayejua limekosewa, maana yake hakuna anayelisoma.

Jina la saluni halifanyi kazi yake ukutani. Linafanya kazi jioni, mteja wako akiwa nyumbani au kazini, mtu anapomshika kichwa na kumuuliza, "Wewe, umesukia wapi?" Wateja wangu wa Kimanga walikuwa wanajibu hivi: "Pale karibu na duka la dawa, kuna dada mmoja mrefu." Kila siku walikuwa wananisifia mikono na kulitangaza duka la dawa. Mwaka wa pili ikafunguliwa saluni nyingine mlango wa pili kutoka lile duka. Wageni waliotumwa kwangu wakawa wanaingia kule, kwa nia njema kabisa, wanakaa, wanasukwa, wanaondoka wakiamini wamefika. Nilijua pale mteja wangu wa siku nyingi aliponiambia mdogo wake hakupenda nilivyomsuka. Mdogo wake sikuwahi kumwona. Iliniuma, na hadi leo nikikumbuka inaniuma, kwa sababu wale wenzangu hawakuniibia chochote. Mimi ndiye sikuwapa wateja wangu neno la kulishika.

Kodi ilipopanda nikahamia kituo cha Barakuda, Tabata hii hii. Hela ya bango sikuwa nayo, nikafungua hivyo hivyo, mlangoni nimeandika SALUNI kwa rangi, basi. Ila wateja wangu wengi ni wa ushungi, na fremu mpya ilikuwa inatazama barabara, bodaboda wamepaki mbele. Nikaenda Kariakoo nikanunua kitambaa kizito cha kijani, nikashona pazia la kufunika mlango wote, ili mtu akishavua mtandio awe na amani.

Siku moja mteja amekaa kwenye kiti, nusu ya kichwa rasta, nusu bado, simu kaibana kati ya bega na sikio, draya inaunguruma pembeni. Anamwelekeza dada yake: "Shuka Barakuda. Ukishashuka ulizia saluni ya pazia. Ee, pazia. La kijani." Alilisema mara moja, upande wa pili wakaelewa. Kama robo saa hivi dada mtu akalifunua pazia akaingia. Nilisimama na kitana mkononi nikimwangalia. Miaka mitatu ya Exquisite, hata mara moja sikuwahi kusikia mteja akimwelekeza mtu kwa jina la saluni yangu.

Ndiyo ikawa Pazia Saluni. Sikulitunga, nililisikia.

Ukitaka kuona kwamba majina yanayodumu huzaliwa hivyo, tazama mitindo yetu ya nywele. Twende kilioni, yebo yebo, mabutu. Hakuna bango lililowahi kutangaza twende kilioni, lakini mwambie msusi yeyote mjini neno hilo, anaanza kukugawa nywele bila swali la pili, kuanzia usoni kurudi kisogoni. Nywele za haraka, za mtu aliyepata msiba ghafla na hana muda wa mapambo. Jina lina picha, lina sababu, na mdomo umelizoea.

Sasa majina yako.

Divine Glow. Sitakwambia ulitupe kwa sababu tu ni Kiingereza. Queen, Royal, Classic, maneno hayo yameshaingia midomoni mwetu, bibi yangu mwenyewe anasema "klasiki" bila shida. Kipimo changu ni kwamba mdomo wa mtaa wako unalijua neno hilo au haulijui. Fanya hivi: washa draya, mpigie simu ndugu yako, litaje jina mara moja tu bila kulirudia, kisha mwambie alitume kwa meseji kama alivyolisikia. Rudia kwa watu watano. Meseji tano zikirudi zimeandikwa aina nne, ujue hata huko Instagram watakutafuta kwa aina nne na hawatakupata. Jambo lingine, "glow" ni habari ya ngozi, na wewe umesema kazi yako ni kusuka na kuweka dawa. Mtu atakuja kuuliza skrabu ya uso.

Jina la binti yako. Hili lina nguvu, na utake usitake watakuita Mama Fulani. Mteja anayekuita kwa jina la mwanao anakuamini, anakuachia hata mkoba wake. Lakini litafakari jambo hili kabla hujalipandisha kwenye bango. Jirani yangu wa Kimanga saluni yake ilikuwa na jina lake la umama. Alipojifungua akakaa ndani arobaini yake yote, akaacha wasusi wawili wazuri sana, mmoja wao kwa kweli alikuwa anamshinda yeye kwa kusuka rasta. Wateja walikuwa wanafika mlangoni, wanachungulia, "Mwenyewe yupo?" Hayupo. Wanageuza. Mikono ilikuwepo, dawa zilikuwepo, viti vitupu. Jina lilikuwa limewaahidi mtu, na mtu hakuwepo. Kama unapanga kusuka mwenyewe kila siku ya maisha yako, liweke. Kama unafikiria wasusi wanne na tawi la pili, jina la binti libakie kwenye dua zako.

Mbezi Beauty Point. Hapa nakusihi, hapana. Mbezi ipi? Mbezi Beach au Mbezi Luis? Mtu wa Kimara akisikia Mbezi anawaza Barabara ya Morogoro, mtu wa Tegeta anawaza Barabara ya Bagamoyo, na kutoka upande mmoja kwenda mwingine si mwendo wa kutembea. Tena fremu si yako. Mwenye nyumba akikuambia mwakani anataka kuitumia, utahamia Goba na jina la Mbezi mgongoni.

Majina ya dini nimeona mmoja hapo juu amekushauri. Mimi ni mtu wa ibada, lakini naona Neema au Baraka yanampokea kila mtu, ilhali majina mengine yanamfanya mteja wa dini nyingine asite mlangoni. Mtaa wenu unaujua wewe, siwezi kukuamulia.

Ukishapata jina, lichunguze BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kwenye mfumo wao wa mtandaoni kabla hujamlipa fundi wa bango hata shilingi. Kuomba usajili unahitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na jina linalofanana sana na la mwingine aliyekwisha sajiliwa halipiti. Pia usichanganye mambo mawili: kusajili jina la biashara si kusajili alama ya biashara. Alama ina ombi lake, hapo hapo BRELA, na ulinzi wake wa kwanza ni miaka 7, ukihuisha unapata 10. Wengi wetu wa saluni moja tunaanza na jina peke yake. Ila usije ukatumia jina la kampuni ya mafuta ya nywele au rasta ukidhani kwa kuwa unauza bidhaa zao ni sawa. Hilo lina mwenyewe.

Na kuna mahali jina linasomwa kuliko kwenye bango, watu hawapafikirii: lipa namba, ile namba ya biashara ambayo mteja analipia kwa simu. Mwanzoni yangu ilikuwa kwa jina la kaka yangu, yeye ndiye alinisaidia kuifungua. Mteja anaandika kiasi, kabla ya kuweka namba ya siri linatokea jina la mwanaume, anasita, ananiangalia, "Dada, hapa ndipo penyewe?" Kila mara naanza kueleza. Leo linatokea PAZIA SALUNI, mteja anabonyeza anaondoka, na ujumbe unabaki kwenye simu yake. Mara nyingi mtu anayerudi baada ya miezi mitatu ananiambia jina alilikumbuka kwenye ujumbe wa malipo.

Ushauri wangu basi, kwa kuwa kodi inakwenda: fungua wiki hii bila bango. TIN, yaani namba ya mlipakodi, na leseni anza kwa jina lako mwenyewe. Mlangoni andika SALUNI kwa rangi inayoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Weka daftari kwenye droo ya vitana, na kila mteja akipokea simu akiwa kwenye kiti, sikiliza anavyoelekeza. Andika maneno yale yale aliyotumia, usiyarekebishe. Labda watasema mwembe, kama kuna mwembe hapo nje. Labda watasema ngazi nyekundu, au kicheko chako, au sauti ya redio yako. Bodaboda wa kijiwe cha karibu nao waulize wakiwaleta abiria wanaambiwaje.

Baada ya wiki tatu lete hapa ulichoandika, tuyapitie pamoja.