Nakimbia kila alfajiri, mbona nyonga zimekaza?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani hapa Magomeni, nina miaka 44. Kila alfajiri nakimbia hadi Jangwani na kurudi, pumzi ninayo. Lakini mteja akiniita kwa nyuma nageuka na kigoda chote, na msikitini kukaa tahiyatu imekuwa kazi. Kinyozi wangu akimaliza kunyoa huizungusha shingo hadi ilie, napata nafuu kidogo tu. Tatizo nini? – Fundi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, fundi. Pumzi zako sina wasiwasi nazo. Ila tazama mwili wako unaelekea wapi kutwa: alfajiri mbele, mchana umekaa unakanyaga pedeli. Nyonga imeumbwa iende mbele, nyuma, pembeni, tena izunguke ndani na nje. Wewe umeigeuza bawaba ya mlango. Upande usiokwenda, misuli hukaza na mfuko wa kiungo nao hukakamaa. Isitoshe, gegedu inayofunika ncha za mifupa haina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo husambaa kiungo kinapochezeshwa.

Kuhusu kugeuka, wengi hulaumu kiuno bure. Pingili za kiuno huzunguka kidogo sana. Kazi hiyo ni ya mgongo wa juu, penye mbavu, na hapo hasa ndipo unapojikunja juu ya cherehani. Kila ukimaliza vazi, bana kitambaa kati ya magoti, kunja mikono kifuani, geuka taratibu huku na huku, makalio yasihame. Kisha simama ushike meza: inua goti, lifungue nje, lishushe nyuma, uchore duara bila kiwiliwili kuyumba. Piga na hatua pana za pembeni, goti moja likunjwe, jingine linyooke. Wateja watacheka, waache wacheke. Jioni kula mkekani, na ukiinuka leo kwa mguu wa kulia, kesho anza na wa kushoto.

Kuvutika ni sawa, kuchoma hapana. Kiungo kinacholia bila kuuma kisikutishe. Kikivimba na kuwa cha moto, au ganzi ikashuka mguuni, nenda hospitali. Ukishindwa kuzuia mkojo, usingoje kuche.

Na huyo kinyozi? Shingoni mnapita mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo, na kuizungusha shingo kwa ghafla kunaweza kuichana mishipa hiyo. Mwambie akunyoe tu.